Maisha ya Charles Darwin, mchunguzi wa viumbe

1. Utoto wake

Katika mji wa Shrewsbury, inchi ya Uingereza, alikaa mganga mmoja mwenye mali, jina lake Robert Darwin. Alikuwa mtu mrefu na mnene sana, na wagonjwa walimtumaini. Tarehe 12 Februari 1809 mke wake Susannah alizaa mtoto wa tano, akaitwa Charles.

Charles alipokuwa na miaka 8, mama yake alikufa. Dada zake wakubwa walimlea. Shuleni hakuwa mtoto wa kusifiwa. Kushika kwa moyo mashairi ya Kilatini na Kigriki kulimchosha. Furaha yake ilikuwa kuokota: makombe, mawe, mayai ya ndege na vidudu vya kila namna. Alipokua kidogo, alipenda bunduki na mbwa kuliko vitabu. Siku moja baba yake alimkaripia vikali, akisema kwamba atajitia haya yeye mwenyewe na jamaa yake yote. Neno hilo lilimwingia Charles moyoni, na hata katika uzee alilikumbuka. Hata hivyo alimpenda baba yake na kumheshimu siku zote.

2. Masomo yake

Katika mwaka 1825 baba alimpeleka Edinburgh ajifunze kazi ya uganga. Siku zile dawa ya usingizi haikujulikana bado. Mtu akipasuliwa, alifungwa tu na kushikwa kwa nguvu huku akilia. Charles aliona jambo hilo mara mbili, na mara moja mgonjwa alikuwa mtoto. Akakimbia, asirudi tena.

Lakini katika mji ule alipata mwalimu mwema. Alikuwa mtu mweusi, John Edmonstone, aliyekuwa mtumwa zamani katika inchi ya Guyana, kisha akapata uhuru. Kazi yake ilikuwa kuchuna ndege na kujaza ngozi zao ili zisioze. Charles alimlipa feza amfundishe kazi hiyo, na mara nyingi alikaa naye akisikiliza habari zake. Jamaa ya Darwin walichukia utumwa, na Charles aliuchukia maisha yake yote.

Baba alipoona kwamba mwanawe hatakuwa mganga, alikata shauri awe mchungaji wa Eklezia ya Uingereza. Hivyo katika mwaka 1828 Charles aliingia Cambridge. Wakati ule hakuwa na mashaka juu ya dini. Aliamini kila neno la Biblia kama lilivyoandikwa, na alifikiri atakaa kijijini, akihubiri Dominika na kutafuta vidudu siku nyingine.

Vidudu hivyo vilimpendeza mno. Siku moja alibandua ganda la mti, akaona vidudu viwili vya namna isiyoonekana mara nyingi. Akashika kimoja kwa mkono huu, na kingine kwa mkono huu. Kumbe, cha tatu kikatokea! Hakutaka kukikosa, basi akatia kimoja kinywani. Kidudu kikatoa maji makali yakamchoma ulimi, naye akakitema. Na kile cha tatu kikapotea pia.

Huko Cambridge alikuwako mwalimu wa mimea, Henslow, ambaye alikuwa pia mchungaji. Alimpenda Charles na kutembea naye karibu kila siku. Ndiye aliyemfungulia mlango wa kazi yake kubwa.

3. Safari ya miaka mitano

Katika mwaka 1831 serikali ya Uingereza ilituma merikebu iitwayo Beagle ili kupima pwani za Amerika ya Kusini. Kapiteni FitzRoy alitaka kijana mwenye elimu wa kufuatana naye. Henslow akamtaja Charles. Baba alikataa kwanza, lakini mjomba wake Charles akamsihi, naye akakubali.

Merikebu ilikuwa ndogo, urefu wake metre 27 hivi, na ndani yake watu zaidi ya 70. Walisema safari itakuwa ya miaka 2, lakini ilikuwa karibu miaka 5. Charles alikuwa na miaka 22. Mawimbi yalimfanya atapike mara nyingi walipokuwa baharini, naye hakuacha kazi. Maofisa wengine wa merikebu walimcheka, kwa sababu aliwatajia Biblia juu ya jambo la mema na mabaya.

Huko Brazil aliona watumwa wakiteswa, akakasirika. Alipogombana na kapiteni juu ya jambo hilo, karibu afukuzwe mezani pake. Katika inchi ya Argentina alichimba mifupa ya wanyama wakubwa waliokufa wakaisha duniani zamani sana. Juu ya milima ya Andes, mahali penye baridi kali, aliona makombe ya bahari ndani ya mawe. Katika mwaka 1835 tetemeko la inchi liliharibu mji wa Concepción, na Charles aliona kwamba ufuko umeinuka juu kupita maji. Akafahamu kwamba milima haikusimama kwa siku moja. Inchi huinuka kidogo kidogo, kwa muda ambao mtu hawezi kuuhesabu.

Mwaka ule ule walifika visiwa vya Galápagos, mbali katika bahari. Mtawala wa pale alimwambia kwamba akimwona kobe, anaweza kujua ametoka kisiwa gani. Charles aliona pia kwamba ndege wa kisiwa hiki si sawasawa na ndege wa kisiwa kile, ingawa ni ndugu. Hakufahamu mara moja maana yake. Aliandika tu, akakusanya ngozi zao, akaenda nazo.

4. Wazo jipya

Alirudi Uingereza tarehe 2 Oktoba 1836. Wenye elimu walitazama ndege wake, wakamwambia kwamba ni wa namna mbalimbali kabisa, visiwa vingine vikiwa na ndege zake. Basi Charles alijiuliza: kwa nini Mungu aumbe ndege wa namna mpya kwa kila kisiwa kidogo? Au labda ndege wa namna moja walifika zamani, kisha watoto wao wakageuka polepole?

Alitazama wafugaji wa njiwa na wa mbwa. Mfugaji akitaka njiwa wenye mkia mpana, huchagua wale wenye mkia mpana kidogo, akawazalisha. Na watoto wao vilevile, mwaka kwa mwaka. Katika mwaka 1838 alisoma kitabu cha Malthus, aliyeonyesha kwamba watu wangeongezeka kuliko chakula. Hapo akafahamu. Kila mnyama na kila mmea huzaa watoto wengi kuliko wawezao kuishi. Watoto hao hawafanani kabisa. Mwenye mdomo mgumu huvunja mbegu ngumu wakati wa njaa, mwingine hufa. Aliyebaki huwapa watoto wake mdomo ule. Hivyo, kwa miaka maelfu na maelfu, viumbe hugeuka.

Katika miaka ile ile alifikiri sana juu ya dini. Mawe yalionyesha kwamba dunia ni ya zamani kuliko watu walivyohesabu kwa kufuata Biblia. Zaidi, alianza kuona shida katika habari za miujiza. Hakuna mtu aliyemshawishi, wala hakutaka kumwasi Mungu. Imani ilimtoka polepole, kama maji yavujayo katika mtungi wenye ufa.

5. Emma

Charles alitaka kumwoa Emma Wedgwood, binti ya mjomba wake. Baba yake alimwonya amfiche mashaka yake, kwani wanawake wengi huhuzunika sana wakiogopa wokovu wa waume wao. Lakini Charles hakuweza kumdanganya. Alimwambia yote. Walioana tarehe 29 Januari 1839.

Emma alikuwa Mkristu wa kweli. Muda mfupi baada ya ndoa alimwandikia mumewe barua. Alijua kwamba anatafuta kweli kwa moyo safi, na kwa hiyo hakumhukumu. Lakini aliogopa kwamba mazoea ya kutokubali neno lolote bila ushuhuda wa macho yatamzuia kuona mambo yasiyoonekana kwa njia hiyo. Alisema pia kwamba angehuzunika sana kama wasingekuwa pamoja milele. Charles alitunza barua hiyo mpaka kufa kwake. Chini yake aliandika kwamba ameibusu mara nyingi na kuililia.

Katika mwaka 1842 walihamia kijiji cha Down, karibu na London. Charles alikuwa mgonjwa: tumbo, kichwa, kutapika. Mpaka leo waganga hawapatani juu ya ugonjwa wake. Kila siku alifanya kazi saa chache, kisha alitembea katika njia ya mchanga nyuma ya nyumba. Emma alimtunza kama mtoto. Walizaa watoto 10.

Katika mwaka 1844 aliandika wazo lake katika karatasi nyingi, akamwachia Emma barua ya kufunguliwa akifa, pamoja na ahadi ya feza za kuchapisha kitabu. Maana yake, mambo yale yaliyomhuzunisha Emma, yeye ndiye aliyepewa ayatunze. Kisha Charles aliziweka karatasi zile, akanyamaza. Kwa miaka 8 alichunguza vidudu vya bahari vinavyonata juu ya mawe na chini ya merikebu. Aliogopa kelele za watu, na aliogopa kumwumiza mkewe.

6. Kifo cha Annie

Mtoto wao wa pili aliitwa Annie. Alikuwa mtoto wa furaha, mwenye upole, aliyependa kupanga nywele za baba yake. Katika mwaka 1851, alipokuwa na miaka 10, alishikwa na ugonjwa. Baba alimpeleka Malvern, mahali walipoponya watu kwa maji ya baridi. Emma hakuweza kwenda, kwa kuwa alikaribia kuzaa. Charles alikaa kando ya kitanda, na kila siku alimwandikia Emma: leo afadhali, leo amezidiwa. Mtoto alishukuru kwa kila tone la maji alilopewa. Alikufa tarehe 23 Aprili, siku chache baada ya Pasaka.

Wazazi walilia kila mtu kwa namna yake. Emma alitunza vitu vidogo vya Annie katika sanduku, naye aliendelea kusali. Charles hakuona tena jinsi ya kuunganisha kifo kile na wema wa Mungu. Tangu miaka ile, siku ya Dominika, alisindikiza jamaa yake mpaka kanisani; wao waliingia, yeye akaenda kutembea peke yake.

Watu wengi wamepita mahali hapo. Ayubu naye alimwuliza Mungu maswali, na mbele ya mti wa msalaba Mama Maria alisimama. Asicheke mtu huzuni ya Charles Darwin.

7. Kitabu chake

Katika Juni 1858 barua ilimfikia toka visiwa vya mbali vya Asia. Mwandishi wake, Alfred Wallace, mtu maskini aliyeuza ndege na vidudu, alikuwa ameona wazo lile lile. Charles alihangaika: je, anyamaze na kupoteza kazi ya miaka 20, au amwibie mwenzake? Rafiki zake walikata shauri kwamba maandiko ya wote wawili yasomwe siku moja, mbele ya chama cha wenye elimu, tarehe 1 Julai 1858. Charles hakufika. Mtoto wake mdogo, Charles Waring, alikuwa amekufa siku chache mbele. Wallace alipopata habari hakuona wivu, nao walikuwa marafiki mpaka mwisho.

Tarehe 24 Novemba 1859 kitabu cha Darwin juu ya asili ya namna za viumbe kilitoka. Vitabu 1,250 vilichapwa, na wauza vitabu walivichukua upesi. Ndani yake hakukana Mungu. Alipochapisha mara ya pili, alimtaja Muumba katika maneno ya mwisho.

8. Mabishano

Tarehe 30 Juni 1860 watu wengi walikusanyika Oxford. Askofu Wilberforce wa Eklezia ya Uingereza alikipinga kitabu. Thomas Huxley, mchunguzi wa viungo vya wanyama, alimjibu kwa ukali. FitzRoy naye alikuwako, akaishika Biblia mkononi na kuhuzunika kwamba kitabu cha Darwin kilichapishwa. Darwin mwenyewe alikuwa mgonjwa, mbali.

Lakini tusidhani kwamba kitabu hicho peke yake kilileta mashaka Uingereza. Mbele yake, wachunguzi wa mawe walikuwa wamekwisha kuonyesha uzee wa dunia. Katika mwaka 1860 waandishi saba, na sita kati yao walikuwa wachungaji, walitoa kitabu kilichosema kwamba Biblia isomwe kama vitabu vingine vya kale. Kitabu chao kilileta fujo kubwa zaidi.

Tena kulikuwa na jambo la vyeo. Siku zile wachungaji walishika nafasi nyingi katika vyuo vikubwa. Huxley, mwana wa mwalimu maskini, pamoja na rafiki zake wanane, walifanya chama katika mwaka 1864. Walitaka elimu isimamiwe na wenye elimu tu, na kila jambo la ulimwengu lielezwe kwa nguvu za ulimwengu, bila kutaja Mungu. Katika mwaka 1869 Huxley alitunga neno agnostiki, maana yake mtu asemaye kwamba hajui kama Mungu yupo. Vijana wengi waliosoma walifuata njia hiyo. Wengine walifurahi. Wengine waliona kama nyumba imebaki bila baba.

Hapo mambo mawili yalichanganywa. Kuchunguza viumbe kwa nguvu zao wenyewe ni kazi njema ya mwenye elimu. Kusema kwamba nje ya nguvu hizo hakuna kitu, hilo si neno la uchunguzi tena. Mtoto akiuliza chungu kimetoka wapi, unaweza kumwonyesha udongo, maji na moto, na yote ni kweli. Lakini hujamkana mama aliyekifinyanga.

Wengine waliona hivyo tangu mwanzo. Asa Gray, mwalimu wa mimea huko Amerika, alikuwa Mkristu mwenye bidii na rafiki wa Darwin, naye alikubali wazo lake. Darwin alimwandikia kwa unyofu kwamba haoni jinsi Mungu mwema angetaka nyigu watage mayai ndani ya kiwavi mzima, watoto wao wamle akiwa hai. Lakini vilevile hakuweza kudhani kwamba ulimwengu huu wa ajabu umetokea bure tu. Alibaki katikati, akisumbuka.

9. Uzee na kifo

Katika mwaka 1871 alitoa kitabu juu ya asili ya binadamu. Alisema kwamba yafaa kuwatafuta wazee wetu wa kwanza katika Afrika, kwa sababu sokwe na gorila wako huko. Mifupa iliyochimbwa baada yake ilionyesha kwamba alisema kweli. Lakini katika kitabu hicho aliwapanga watu wa mataifa wengine juu na wengine chini, kama Wazungu wengi wa siku zake. Hapo alikosa, na elimu ya leo yaonyesha kwamba watu wote ni jamaa moja.

Katika kijiji chake alikuwa mtu mwema. Mchungaji wa pale, Innes, alikuwa rafiki yake, ingawa hawakupatana juu ya mambo mengi. Darwin alitunza feza za chama cha kusaidia maskini. Zamani alifikiri kwamba watu wa kusini kabisa ya Amerika hawawezi kufundishwa. Aliposikia kazi ya wamisionari huko, alikiri kwamba amekosa, akawatumia feza.

Katika mwaka 1879 aliandika kwamba mtu aweza kumwamini Mungu kwa nguvu na kukubali kugeuka kwa viumbe. Yeye mwenyewe hakupata kumkana Mungu kabisa, lakini jina la agnostiki lilimfaa zaidi. Kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1881, kilikuwa juu ya nyungunyungu na kazi yao ya kulima udongo.

Alikufa tarehe 19 Aprili 1882, Emma akiwa kando yake. Alizikwa London katika kanisa kubwa la Westminster, karibu na Newton. Baadaye, katika mwaka 1915, habari ilienea kwamba alipokaribia kufa alirudi katika imani. Watoto wake walisema kwamba si kweli. Mkristu asiitumie habari hiyo, maana Mungu hatetewi kwa uwongo.

10. Baada yake

Darwin hakujua jinsi mzazi anavyompa mtoto sura yake. Siku zile zile mtawa mmoja Mkatoliki, Gregor Mendel, alikuwa akipanda njegere katika bustani ya monasteri ya Brno, akihesabu rangi na sura za mbegu. Alichapa habari yake katika mwaka 1866, lakini watu hawakuifahamu mpaka mwaka 1900. Ndiyo iliyojaza upungufu wa Darwin.

Katika mwaka 1950 Baba Mtakatifu Pius XII aliruhusu wenye elimu kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, akifundisha kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Katika mwaka 1996 Yohane Paulo II alisema kwamba wazo hilo la kugeuka si dhana tu.

Emma aliishi mpaka mwaka 1896. Kwa miaka 43 ya ndoa alikaa na mtu asiyeweza kuamini kama yeye, hakumwacha, hakumdharau, wala hakuacha kusali. Naye Charles hakumcheka kwa ajili ya sala zake. Barua ile ya kwanza ingaliko.

Maulizo

1. Kwa nini Charles aliacha masomo ya uganga?
2. Nani alimfundisha kuchuna ndege? Eleza habari za mtu huyo.
3. Kobe na ndege wa visiwa walimfundisha nini?
4. Emma aliogopa nini alipomwandikia mumewe?
5. Eleza kwa mfano wa chungu: kwa nini uchunguzi wa viumbe haumkani Mungu?
6. Rafiki yako akisema kwamba haamini tena, utamtendea namna gani?